Canter ibebe tani saba: kuongeza springi, kufunga difu kubwa, au kuuza?

MchangaKiluvya
Wakuu, heshima kwenu. Nina Canter ya mchanga, inafanya kazi vizuri tu, ila ikipakiwa inakaa chini sana nyuma, na wateja siku hizi wanataka tripu kubwa. Nataka niiboreshe nyuma ibebe tani saba bila kulalamika. Fundi wa kwanza kasema niongeze majani ya springi, kazi ya siku moja. Wa pili kasema springi ni kujidanganya, nitafute difu (ekseli ya nyuma na gia zake) kubwa ya mtumba nifunge nzima nzima. Wa tatu kasema niuze ninunue Fuso. Pesa ya difu ninayo, ya Fuso sina. Kuna difu nimeonyeshwa mtaa wa Gerezani, Dar, na mwenye nayo anasema ana wateja wengine, kwa hiyo nahitaji kuamua wiki hii. Ipi bora?

Torki
Mkuu, swali lako limekuja nusu. Canter ipi? Kuna ya stadi (bolti za kufungia rimu) tano na ya stadi sita, kuna ya tairi 700-16 na ya 750-16, kuna fupi na ndefu. Hujasema injini, hujasema breki ni mafuta matupu au mafuta na upepo, hujasema ni tipa au bodi ya kawaida, na mchanga unautoa machimbo gani. Na hiyo difu imetoka kwenye gari gani? "Kubwa" siyo kipimo.

FundiMajani
Kabla hata ya hayo, atuambie springi zake sasa hivi zina majani mangapi, unene gani, na kama ana helpa (springi ya ziada ya kusaidia mzigo) juu au hana. Gari kukaa chini nyuma mara nyingi ni springi zimechoka tu, mkunjo umeisha. Zinafunguliwa, zinapigwa upya au yanabadilishwa majani mawili yaliyolala, gari inasimama. Watu wanakimbilia difu kama vile difu ndiyo inayoinua gari.

MchangaKiluvya
Samahani wakuu, ni 4D33, stadi sita, tairi 750-16 nyuma mbilimbili. Breki mafuta. Bodi ya kawaida, siyo tipa, vijana wanashusha kwa koleo. Difu ya Gerezani ni ya Fuso, nayo ina stadi sita, kwa hiyo rimu zangu zitaingia. Springi ni majani saba na helpa.

Torki
"Kwa hiyo rimu zangu zitaingia" ndipo unapoenda kupoteza pesa. Stadi sita za Canter ya inchi 16 na stadi sita za Fuso ya kati zote zimekaa kwenye duara la milimita 222.25, hapo uko sahihi. Lakini dramu ya breki ya Fuso imetengenezwa ikae ndani ya rimu ya inchi 19.5 au 20. Rimu ya 16 haivuki hiyo dramu, itagota kabla haijafika kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Maana yake ununue rimu tano na tairi tano za 20 kwa nyuma na akiba, huku mbele umebaki na 16. Gari itainama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji, na spea tairi moja haitatosha pande zote mbili. Chukua kipimo cha rula uende nacho: kipenyo cha nje cha dramu dhidi ya tundu la ndani ya rimu yako. Dakika tano, unaokoa mamilioni.

DarajaMbili
Tuache maneno tupige hesabu, maana tani saba hajaipima mtu bado. Chukulia Canter yako tupu ni tani 2.9, mbele 1.7 na nyuma 1.2 (nenda kapime, sehemu yoyote yenye mizani ya kokoto watakupimia mbele peke yake na nyuma peke yake). Ekseli kwa ekseli chukulia mita 3.35, na katikati ya bodi iko sentimita 35 mbele ya ekseli ya nyuma.

Mzigo wa tani 7: kinachokwenda mbele ni 7 × 0.35 ÷ 3.35, karibu tani 0.73. Nyuma inabaki 6.27. Ongeza 1.2 ya gari lenyewe, ekseli ya nyuma inabeba tani 7.47.

Sasa soma ubavu wa tairi. 750R16 ya ply 14 imeandikwa 122/118. Hiyo 118 ndiyo ya kufunga mbilimbili, ni kilo 1,320 kwa tairi. Mara nne ni 5,280. Umeizidishia tairi tani mbili na ushee kabla hatujagusa difu wala springi. Ukienda 825R16 yenye 128/124, ni kilo 1,600 kwa tairi, jumla 6,400. Bado umezidi kwa tani moja.

Kwa hiyo kwa tairi ulizonazo, mzigo halali kwa nyuma ni kama tani 4.5. Kwa 825 unafika kama 5.8, kama hausingi (ganda la ekseli), beringi, breki na chasisi navyo vinakubali. Saba haimo kwenye Canter ya tairi sita kwa hesabu yoyote ile.

MamaKokoto
DarajaMbili asante, na mimi niongeze la mchanga. Mchanga mkavu kiubiki kimoja (mita moja ya ujazo) ni kama tani 1.6. Ukinyeshewa unafika 1.9, hata 2. Bodi ya mita 4.3 kwa 1.9 kwa ubao wa sentimita 40 inabeba kiubiki 3.3. Kavu ni tani 5.2, mbichi ni 6.2, na hapo umekata sawa na ubao bila kuweka kilima. Yaani ndugu yetu wa Kiluvya tayari anabeba sita kila mvua ikinyesha, na anadhani anabeba "Canter moja". Swali siyo kama gari itabeba zaidi. Inabeba tayari. Swali ni kitu gani kitakatika kwanza.

FundiMajani
Tairi za DarajaMbili zimeandikwa hivyo, lakini mjini wote tunajua Canter zinabeba saba kila siku. Springi zikifanywa sawasawa gari inafanya kazi miaka. Naeleza jinsi inavyotakiwa ili mtu asije akafanyiwa ovyo.

Usiongeze jani nene moja chini ya pakiti nyembamba. Ugumu wa jani unakwenda na unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu (unene × unene × unene): jani la milimita 12 ni gumu mara 1.7 ya jani la milimita 10, japo jicho linaona tofauti ndogo. Jani hilo likikaa peke yake linabeba kazi ya wenzake na linakatika kwenye tundu la senta bolti. Ongeza majani mawili ya unene uleule, kutoka saba kwenda tisa, unapata ugumu zaidi karibu asilimia 29. Mkunjo wa jani jipya uwe mkali kidogo kuliko la juu yake, ili likifungwa linyonge pamoja. Paka grisi ya grafiti kati ya majani. Senta bolti mpya, ndefu, siyo ile ya zamani iliyoongezewa nati. Yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli) mpya vilevile, kwa sababu pakiti imekuwa nene na za zamani nyuzi hazitafika. Kaza msalaba kwa msalaba gari ikiwa chini imebeba uzito wake, siyo ikiwa kwenye jeki. Halafu baada ya kilomita 300 hadi 500 kaza tena, na baada ya wiki mbili tena. Senta bolti nyingi zinakatwa na yubolti zilizolegea, mzigo unasingiziwa tu. Yubolti ikilegea ekseli inatembea, na kinachoizuia ni ule msumari mdogo wa katikati.

Torki
Fundi, kazi umeieleza vizuri sana na sina la kupinga kwenye namna ya kuifanya. Napinga inachofanya. Springi haiongezi uwezo wa ekseli. Inaondoa dalili. Gari iliyokaa chini inamwambia dereva imezidiwa, ukiinyanyua unamziba mdomo. Uzito uleule unashuka kwenye hausingi ileile, beringi zilezile, dramu zilezile. Na gari ngumu nyuma ikipita shimoni inapiga kwa nguvu zaidi, kwa hiyo hausingi inapigwa zaidi kuliko zamani.

FundiMajani
Na hiyo difu kubwa nayo haiongezi uwezo wa chasisi. Tukianza hivyo hatumalizi.

IsuzuTu
Angenunua Isuzu NPR tangu mwanzo tusingekuwa hapa.

Torki
Nilijua utakuja.

Karakana_Njiapanda
Kwa anayefikiria difu ya Fuso chini ya Canter, hii ni gari moja ilivyofunguliwa juzi, hatua kwa hatua, maana makosa yake yote ni yale yale yanayorudiwa.

Gari ilikuja kwa malalamiko ya sili ya mafuta ya kulia. Sili imebadilishwa mara tatu sehemu nyingine, bado inavuja. Mafuta ya difu yanaloanisha laining za breki, gari ikishika breki inavuta kushoto. Tulipoweka fito bapa kwenye rimu za nyuma tukapima kati ya rimu na rimu, juu na chini, tofauti ilikuwa milimita 11. Juu pamekaribiana kuliko chini. Yaani tairi zimeinamia ndani. Hausingi imepinda katikati imeshuka. Tairi za ndani zote mbili zimeliwa ubavu wa ndani, za nje bado mpya. Hapo sili itavuja milele, kwa sababu habu haizunguki kwenye mstari mmoja na shafti.

Imepindaje wakati ni hausingi ya gari kubwa? Pedi za springi. Chasisi ya Canter ni nyembamba kwa upana kuliko ya Fuso, kwa hiyo pedi zinazokaa kwenye hausingi ya Fuso hazikutani na springi za Canter. Aliyefunga alizikata, akazisogeza ndani, akachomelea. Halafu kwa kuogopa isije ikakatika, akaongeza bamba la chuma chini ya hausingi na kulichomelea kuzunguka lote, hadi kukata hausingi kwa upana.

Hausingi ikibebeshwa mzigo, springi zinasukuma chini kwa ndani na tairi zinasukuma juu kwa nje. Upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Weldi ya kukata upana kwenye upande wa chini ni sawa na kuchora mstari na kusema katika hapa. Tulipoiosha kwa dizeli na kupaka chokaa, ufa ulijitokeza mwishoni mwa lile bamba, karibu robo ya mzunguko. Yale mafuta yaliyosingiziwa sili nusu yake yalitoka kwenye ufa. Na pedi zikisogezwa ndani, mkono kutoka tairi hadi springi unakuwa mrefu, kwa hiyo mzigo uleule unaikunja hausingi zaidi ya ilivyokusudiwa na mwenye kiwanda. Difu kubwa ilipunguzwa nguvu na kazi ya kuifunga.

Hilo la kwanza. La pili, propela (shafti ndefu kutoka gia boksi hadi difu). Pua ya difu ilielekea juu tofauti na pembe ya gia boksi. Flanji ya difu na flanji ya gia boksi zinatakiwa ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii moja hivi. Hii ilikuwa na digrii nne. Krosi (maungio ya propela) zilikuwa zinakufa kila mwezi, senta beringi mpira umechanika, na dereva alizoea mtetemo akaona ni kawaida ya gari. Dawa ni kabari ya chuma kati ya springi na pedi, au pedi ichomelewe kwenye pembe sahihi tangu mwanzo. Na flanji zenyewe hazikufanana matundu: walitoboa upya kwa mkono. Flanji iliyotobolewa kwa mkono haikai katikati. Inatakiwa ununue difu pamoja na yoki yake (kiungo cha propela kwenye pua ya difu), halafu propela ikakerezwe, ikatwe urefu na ipigwe balansi.

La tatu, breki. Silinda za gurudumu za difu hiyo zilikuwa kubwa kuliko za Canter, na masta silinda ikabaki ileile. Masta ndogo ikisukuma silinda kubwa, pedali inazama kabla laining haijagusa. Wao walirekebisha kwa kukaza ajasta hadi dramu inachubua. Dramu zikapasuka vinywele vya moto. Kwenye mteremko dereva anapampu mara mbili.

Gari hiyo ilirudishiwa hausingi ya Canter.

MchangaKiluvya
Duh. Sasa mkuu Karakana, nikinunua hiyo difu na kufuata yote uliyosema?

Karakana_Njiapanda
Ukifuata yote utakuwa umejenga gari mpya nyuma: springi na hanga za Fuso, chasisi imeongezwa upana au kupunguzwa, propela mpya, masta mpya na busta yake, rimu na tairi za 20. Na mbele bado ni Canter. Jumlisha kwenye karatasi kabla hujalipa hata senti.

Pwani_Lori
Salaam wenzangu kutoka Mombasa. Hapa kwetu wengi wakitaka nguvu hawendi kwa Fuso, hutafuta hausingi ya Canter nzito kuliko yao, ile yenye shafti nene na beringi kubwa, ilhali dramu bado yaingia rimu ya 16. Mambo ya kupima kabla ya kulipa: kati ya pedi na pedi, kati ya flanji ya habu ya kulia na ya kushoto, upana wa springi (hizi ndogo nyingi ni milimita 70), hesabu ya matundu ya yoki, na meno ya krauni na pinyoni (gia kubwa na ndogo za ndani ya difu). Pedi zikilingana, kazi ni ya siku mbili na huchomelei kitu.

Na mutazame stadi. Hizi za Kijapani upande wa kushoto zina nyuzi za kushoto. Mtu apewa hausingi iliyochanganywa habu, kijana wa tairi afungua kwa nguvu kumbe yuwakaza, stadi yakatika. Kuna nati ya ndani ya pembe nne na nati ya nje ya pembe sita. Ya ndani ndiyo ishikayo tairi la ndani. Ukikaza ya nje peke yake baada ya pancha, tairi la ndani lacheza na kula matundu ya rimu yakawa yai. Legeza ya nje, kaza ya ndani, kisha rudisha ya nje.

DarajaMbili
Pwani kagusa meno, na hilo mwenye uzi hajaliuliza kabisa. Zungusha yoki kwa mkono uhesabu, au fungua usome kwenye krauni. 37 kwa 6 ni 6.17. 40 kwa 7 ni 5.71. 37 kwa 7 ni 5.29. Injini ikiwa mizunguko 2,500 kwenye gia ya moja kwa moja, na tairi 750-16 ambayo mzunguko wake ni kama mita 2.45, difu ya 5.29 inakupa kama kilomita 70 kwa saa, ya 6.17 inakupa kama 60. Mzigo mzito unataka 6.17, lakini barabara ndefu utakunywa mafuta na injini italia. Ukifunga 825 ambayo ni kubwa, karibu mita 2.6 kwa mzunguko, ile 6.17 inarudi kama 63. Yaani tairi kubwa inakula sehemu ya nguvu uliyonunua kwenye difu. Na kwa kuwa waya wa spidi unatoka kwenye gia boksi, ukibadili difu au tairi spidi unayosoma siyo ya kweli tena.

MchangaKiluvya
Machimbo ni huku huku, vumbi na mlima mmoja mkali kutoka shimoni, halafu lami kama kilomita 20.

Torki
Mlima wa kutoka shimoni na mchanga mbichi. Basi kitakachokatika kwanza kwako ni shafti, na watu watasema "mzigo umekata shafti". Hapana. Canter shafti yake haibebi uzito, uzito unabebwa na hausingi kupitia beringi mbili za habu. Ukivuta shafti nje gari inabaki imesimama na mzigo wake. Shafti inakatwa na kusokotwa: gia ya kwanza, tairi moja limezama, klachi inaachiwa ghafla. Angalia mkatiko. Ukiwa umejisokota kama kamba ni nguvu ya kuzungusha. Ukiwa bapa na una mistari kama ya ufukwe wakati maji yakitoka, ni uchovu wa muda mrefu, na hapo tazama kama hausingi imepinda. Mzigo ukizidi kinachokufa ni hausingi, beringi na tairi.

MamaKokoto
Na breki. Mbona breki mnazitaja mwishoni kila mara? Hendibreki ya Canter iko nyuma ya gia boksi, inashika propela. Krosi ikikatika mlimani, huna hendibreki. Imebaki ya mguu peke yake, ikiwa na masta ndogo na tani saba mgongoni. Anayepandisha kutoka shimoni na mchanga mbichi afikirie hilo kabla ya springi.

KadiYaGari
Mimi naona mnamtisha bure. Sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari ya 2016, hapa kwetu inatumika tangu Machi 2019, inaruhusu ekseli ya tairi nne kubeba tani 10. Yeye nyuma atakuwa na 7.5. Mizani ya Vigwaza atapita anapiga honi.

DarajaMbili
Tani 10 ni ya kulinda barabara, siyo ya kulinda ekseli yako. Ni kikomo cha lami: ekseli ya usukani tani 8, ekseli ya tairi nne 10, tandamu (ekseli mbili pamoja) ya tairi nane 18, tatu kwa pamoja 24, gari zima lisizidi 56. Hakuna aliyesema kila chuma chenye tairi nne kinaweza 10. Hata baiskeli ya matairi matatu ipo chini ya kikomo hicho.

KadiYaGari
Sawa, lakini bado hatavunja sheria.

MamaKokoto
Kadi yake ya gari ina uzito ulioandikwa. Difu haibadilishi kadi. Siku ya ajali bima wanafungua kadi, hawafungui difu.

TandamuMoja
Kwa nini hamjataja ekseli ya tatu? Fuso nyingi mjini zimeongezewa tandamu ya nyuma isiyo na difu, zinabeba vizuri. Canter nayo inawezekana.

Karakana_Njiapanda
Kwenye Fuso inawezekana kwa sababu chasisi ina kimo, na hata huko wengi wanakosea. Ekseli ya kubebea ikifungwa na springi zake bila mzani wa katikati kuziunganisha na springi za difu, kila shimo linahamisha uzito wote upande mmoja. Gari ikipanda tuta, ya nyuma inainua difu, tairi za kuvuta zinaning'inia na kuzunguka bure. Ikishuka, difu inabeba yote. Kwenye mlima wa shimo la mchanga utakwama ukiwa na tairi kumi. Na kwenye kona kali tairi za nyuma zinaburuzwa kwa ubavu, hutakaa nazo muda mrefu zikiwa na kashata (mpira wa juu unaokanyaga). Kwa Canter, mkia wa chasisi ni mfupi na mwembamba, utalazimika kuurefusha, na hapo tumetoka kwenye kuboresha tumeingia kwenye kuunda gari.

FundiMajani
Kuhusu chasisi, kama mtu ataongeza mzigo kwa njia yoyote ile, asichomelee bamba kwenye mbavu ya juu wala ya chini ya chasisi. Tumia chaneli ya ndani inayolala kwenye ukuta wake, ifungwe kwa bolti za 8.8 au 10.9, matundu yawe ukutani tu, na mwisho wa chaneli ukatwe kwa mshazari kama ulimi. Ukikata mraba, chasisi inakatika palepale chaneli inapoishia, mara nyingi nyuma ya kibini.

IsuzuTu
NPR chasisi yake haihitaji hayo.

Pwani_Lori
IsuzuTu, NPR nayo twaiona imekatika nyuma ya kibini kila siku. Mchanga haujui jina la gari.

IsuzuTu
Hizo zimebeba tani kumi.

Pwani_Lori
Naam. Nayo Canter hii yataka saba.

TairiChakavu
Naomba kuuliza kidogo nje ya mada, kwa kazi ya shimoni hivi, tairi za nailoni au za redio (radial)? Mie naona nailoni inavumilia mawe ubavuni.

DarajaMbili
Nailoni ubavu mgumu, kweli, kwa spidi ndogo na mawe inavumilia. Kwenye lami ikibebeshwa sana inachemka haraka kuliko redio. Usichanganye kabisa kwenye ekseli moja, na kwenye jozi moja kipenyo kisitofautiane. Tairi jipya nje na lililoisha ndani maana yake jipya linabeba karibu peke yake. Na pima upepo asubuhi zikiwa baridi. Wengi wanapima la nje kwa sababu valvu ya ndani inasumbua kuifikia. Nunua kirefusho cha valvu.

TairiChakavu
Na zilizotiwa kashata upya?

MamaKokoto
Nyuma kwa shimoni sawa, mbele kamwe.

MchangaKiluvya
Wakuu nimerudi. Ile difu ya Fuso imeuzwa. Nimepata nyingine, nimeambiwa ni ya Canter nzito, nimepima kati ya pedi na pedi imelingana na yangu, springi zangu zinakaa. Dramu inaingia rimu ya 16. Meno nimehesabu 37 na 6. Yangu ya sasa ni 40 na 7. Habu ya kulia inacheza kidogo ukiishika juu na chini. Mafuta yaliyotoka ni meusi, yana unga unaong'aa.

Torki
Unga laini unaong'aa kama rangi ya fedha kwenye sumaku ya kizibo ni kawaida kwa difu iliyotumika. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha siyo kawaida. Fungua mfuniko utazame meno ya krauni: upande wa kuvuta ung'ae sawasawa, usiwe na mashimo. Mshike pinyoni, zungusha krauni mbele na nyuma: uchezaji wa 0.2 hadi 0.3 mm ni wa kawaida kwa difu za ukubwa huu, ukisikia kelele ya "ko-ko" umezidi. Na ile fito ya rimu aliyoeleza Karakana, ifanye kabla hujalipa. Hausingi ya gari nzito imewahi kubeba vizito.

Karakana_Njiapanda
Habu kucheza inaweza kuwa nati tu. Kaza nati ya habu huku unaizungusha hadi iwe nzito, kisha irudishe kidogo hadi izunguke kwa uzito mdogo bila kucheza, halafu piga loki. Bado ikicheza, vuta beringi utazame njia yake kwenye habu. Ikiwa kikombe kinazunguka ndani ya habu, habu imekwisha, usikubali kuambiwa wataijaza kwa weldi. Mafuta weka 85W-140 ya GL-5 hadi yatokee kwenye kizibo cha pembeni, na yabadilishe baada ya kilomita 1,000 za kwanza.

MchangaKiluvya
Silinda za breki zake ni kubwa kidogo kuliko zangu. Masta nibadilishe au nihamishe breki zangu za zamani kwenye hausingi mpya?

FundiMajani
Hamisha zako, kama bamba la breki linakubali.

MamaKokoto
Ahamishe breki ndogo kwenye ekseli anayotaka kuibebesha zaidi? Fundi!

FundiMajani
Mama, bora breki ndogo inayoshika kuliko kubwa inayozama.

Torki
Zote mbili ni mbaya. Masta ya gari ilikotoka difu hiyo ndiyo jibu, pamoja na busta yake. Aliyekuuzia difu muulize gari hiyo ilikatwa wapi, pengine masta bado ipo.

IsuzuTu
Na tani saba bado?

MchangaKiluvya
Nitaanza na ubao wa sentimita 35 nione. Masta naitafuta kesho. Nani anajua, ya 4D33 na ya hiyo nzito matundu ya kufungia kwenye ukuta wa kibini ni sawa?